Mnyoo katika Nyama ya Walarasi

Mnyoo ulijikunjua chini ya hadubini. Ulikuwa hai.

Mujinga aliishika meza ya maabara. Kipande kile cha nyama alikitoa kwenye friza ya nyumbani kwake, mtaa wa Koekelberg, baada ya mumewe kuamka na kope zilizovimba. Mumewe, mpishi wa meli, ndiye aliyeileta kutoka Greenland: nyama ya walarasi, mnyama mkubwa wa bahari ya barafu.

Walarasi akikosa chaza hula sili, mnyama mdogo wa bahari hiyohiyo, na minyoo ya sili humwingia misulini; mtu akila nyama hiyo mbichi, kope humvimba. Mujinga alilijua hilo. Lakini nyama ilikuwa imeganda miezi mingi, na ni yeye aliyewahakikishia mumewe na mtoto wao kwamba baridi huua kila kitu. Wakaichoma juujuu tu, wakala.

Alipiga simu nyumbani.

“Mutoto iko wapi?”

“Iko analala,” mumewe alijibu. “Nimemuamusha, lakini hafungue macho.”

“Alors, umufungue kope na kidole, polepole. Uniambie unaona nini.”

Alimsikia akitembea, mlango wa chumba cha mtoto ukafunguliwa, kisha akasema: “Kope yake imevimba, kama yangu.”