Mzee wa Koti na Laptopu ya Gemu

Sixbert alimwondoa mama wa watu kwenye kiti, akakifuta kwa mkono wa shati lake mwenyewe, akampa mzee aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia dukani.

"Shikamoo baba. Karibu sana. Karibu kabisa."

"Marahaba." Mzee aliketi na koti lake zito la sufu, huku nje jua la Utemini, mjini Singida, likichoma bila huruma. "Nataka ile laptopu ya gemu. Ile yenye kadi mbili za picha."

Moyo wa Sixbert ukapiga teke. Ndiye!

Asubuhi ile Eliana alimpigia simu kutoka Kiomboi, akinong'ona. "Leo nyumbani wanatuma mtu aje akuone kazini. Sijaambiwa nani. Hatajitambulisha, ndiyo desturi ya ukoo wetu. Akirudi na neno baya, posa yako imekufa. Na tafadhali, Sixbert, usiongee sana."

Kumwambia Sixbert asiongee sana ni kumwambia jogoo asiwike, lakini aliahidi. Kutwa nzima macho yake yalikuwa mlangoni, hata alipokuwa akimhudumia yule mama wa kitenge aliyeleta simu eti haisikiki vizuri. Aliifungua, akaikuta nzima. "Haina ugonjwa, mama. Sikudai kitu." Mama akashukuru, akaomba apumzike kidogo mpaka jua lipungue.

Na sasa huyu mzee wa koti. Mzee gani wa Singida, mvi mpaka masikioni, anatafuta laptopu ya gemu? Mtego huo, hata kipofu angeuona.

Laptopu yenyewe ilikuwa kwenye kabati la kioo. Bonaventura, mwenye duka, aliinunua Kariakoo kwa tamaa, na tangu hapo alikuwa akitafuta wa kumbebesha. Kadi zake mbili za picha zilikuwa na nguvu ya kutisha, ila fundi fulani huko ilikotoka aliichomoa prosesa yake ya asili na kuchomeka nyingine dhaifu. Bonaventura akakohoa kikohozi cha onyo.

Sixbert akapiga hesabu. Akisema ukweli, bosi atawaka. Akinyamaza, mkwe ataondoka akijua binti yao anaposwa na tapeli. Aliogopa vyote viwili, lakini cha pili kilimtia baridi zaidi.

"Baba, usiichukue hivi ilivyo."

"Kwa nini? Kadi si zina nguvu?"

"Zina nguvu sana. Lakini prosesa ndiyo inayozipa kazi. Chukulia una mashine mbili kubwa za kukamua alizeti, halafu anayemimina mbegu anatumia kikombe cha chai. Mashine zitanguruma, mafuta hutayaona. Na gemu ndivyo litakavyokuwa, linakwama kila kona."

Bonaventura alifumba macho kama mtu anayeumwa jino.

"Kwa hiyo nirudi zangu?" mzee akauliza.

"Hapana, baba! Kuna nyingine pale nyuma imevunjika kioo, ila prosesa yake ni kali na inaingia humu. Nikiihamisha zitaendana. Feni yake nayo nitaisafisha, maana kitu chenye nguvu kinachemka. Subiri hapo hapo ujionee."

Bonaventura, kuona mteja hakimbii, alifumbua jicho moja, kisha la pili.

Sixbert akainamia meza ya kazi. Yule mama wa kitenge alikuwa amejiegemeza pembeni yake, na ahadi ya kutoongea sana ikamshinda.

"Mama, nisamehe kwa kile kiti," alinong'ona. "Yule ni mkwe wangu mtarajiwa. Kaja kunichunguza, anadhani sijamjua."

"Weee! Umemjuaje?"

"Si unaona lile koti? Halafu anaangalia mikono yangu, haangalii laptopu. Mama, nampenda yule binti. Nikimkosa sijui nitaanzia wapi. Niombee."

Mama akaziba mdomo kwa pindo la kitenge. "Na angekuwa siye mkwe? Mteja tu wa kupita?"

Sixbert akasimamisha bisibisi, akafikiri kwa dhati. "Ukweli ningemwambia vile vile. Ila kiti ningekuachia wewe."

Mama alicheka mpaka mabega yakamtikisika, akasogea kumshikia tochi.

Laptopu ilipowaka, Sixbert alifungua gemu la magari. Yalikata kona kama maji, bila kukwama hata mara moja. Mzee akajisogeza, akaweka vidole vyake vikubwa kwenye vitufe, akawapita wapinzani wote na kumaliza wa kwanza. Sixbert akabaki ameduwaa. Mkwe huyu alikuwa ameuvaa uongo wake sawasawa!

Mzee alilipa bila kuomba apunguziwe. Bonaventura akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Sixbert alimbebea mzigo kwa mikono miwili hadi mlangoni, na hapo ulimi ukateleza.

"Safari njema, baba. Ukifika Kiomboi, naomba unisalimie Eliana."

"Kiomboi?" Mzee alimkazia macho. "Mimi naitwa Alute, natoka Kintinku. Nimeendesha treni maisha yangu yote, na sasa nimestaafu nacheza gemu zangu. Huyo Eliana ndiye nani?"

Akachukua mzigo wake, akaenda zake. Sixbert alisimama mlangoni, akichungulia barabara huku na huku. Kama yule siye, basi mjumbe bado yuko njiani, au amepita na yeye hakumwona.

"Hizo salamu nipe mimi," mama wa kitenge alisema nyuma yake, akijifunga vizuri. "Nawahi basi la Kiomboi, na nikifika nitamwambia kaka yangu, baba yake Eliana, afagie ua tupokee wageni."