Zamu ya Ziada

Yaw Darkwa alilizunguka kanisa mara mbili, kofia imemfunika macho, ndipo akathubutu kusukuma mlango wa ukumbi.

Mkewe, Serwaa, alikuwa ametangulia kutoka nyumbani kwenda mazoezi ya kwaya, kama kila Jumamosi. Yaw naye alimwambia kwamba ana zamu ya ziada ya kuendesha basi. Kwao Kumasi, Ghana, saratani kama yake haitajwi. Mtu hufa "baada ya kuugua kwa muda mfupi," basi. Na hapa London je, nani angetaka kunyooshewa kidole sokoni Tottenham?

"Ingia, dereva, usituletee baridi!" alisema Bi Verona, mama wa Kijamaika aliyeongoza kikundi cha wagonjwa. "Kaa kwenye kiti chenye mto, mgongo usikutese."

Yaw alishtuka. Bila shaka nesi wa hospitali aliyempa anwani ya hapa alikuwa ameshapiga simu.

Mkono ukatoka dirisha la jikoni na kikombe cha Milo, bila sukari, kama apendavyo.

Walikuwa wachache, wote weusi kama yeye. Wengine walikuwa na saratani ya damu inayokula mifupa, kama yake, wengine walikuwa na mgonjwa nyumbani.

"Mimi daktari alinipa vidonge vya maumivu mwaka mzima," alisema mzee mmoja. "Eti uzee!"

"Wangu alisema ni kiti cha basi," Yaw akajikuta anasema. "Mara tatu nilikwenda, mara tatu kiti cha basi. Mpaka mfupa wa mgongo ukapasuka nikifunga viatu."

"Na nyumbani uliwaambiaje?" mzee akauliza.

"Nimeteguka."

Watu wakacheka kidogo. Yaw hakucheka.

"Mke wangu hajui," alisema, macho sakafuni. "Ananikanda mgongo, ananipikia supu, nami namdanganya usoni. Mwanamume mzima! Nilimwoa nimtunze, leo nimgeuze yaya wangu? Kila nikifungua kinywa, haya inanikaba."

Akajifunika uso kwa kofia, akalia.

Hakuna aliyemtuliza. Wote walikuwa wanatazama jikoni.

"Toka, mwanangu," Bi Verona akaita kwa upole. "Yametosha."

Mlango wa jikoni ukafunguliwa.

"Si niliwaambia?" Serwaa aliwauliza wenzake, huku akimwendea mumewe. "Kila Jumamosi niliwaambia, mwacheni, atasema mwenyewe."