Papa Haugui

"Umewahi kumwona papa kalazwa wodini?" Ambrosi aliuliza kwenye spika, na mnada mzima wa Chimala ukacheka.

Mihayo naye alicheka, kasimamia mguu mmoja. Mwingine ulikuwa na kidonda cha miezi mitatu, na nesi alishamwambia: leo usipokuja kusafishwa, kidole kinakatwa.

"Papa haugui!" Ambrosi aliinua chupa. "Paka mafuta yake, kidonda kinajifunga chenyewe kwa aibu."

"Baba Seni, twende zahanati," mkewe Minza alimvuta shati. "Huyu hata bahari hajaiona."

"Ngoja kwanza. Nesi ana wembe, huyu ana mafuta." Mihayo akachukua chupa moja mezani.

Hapo akajipenyeza mwanaume mmoja wa miwani, kalamu mbili mfukoni. Akajitambulisha: Kasian, mtu wa samaki, kasomea kabisa, diploma anayo.

"Muongo huyo. Papa anaugua sana tu. Bakteria wanamwingilia kwenye mchubuko, tumbo linakuwa jekundu. Wakifika kwenye ubongo, anazunguka kama kuku mwenye kideri."

Watu wakatazamana. Kideri wanakijua.

"Mtaalamu, unaniharibia soko," Ambrosi alinung'unika.

Kasian akamgeukia Mihayo. "Mzee, wewe mfugaji. Umechinja ng'ombe, umekuta ini lina madoa. Unafanyaje?"

"Nawatupia mbwa. Tena nafikiria mara mbili, mbwa wangu nawapenda."

"Haya, mafuta haya yanakamuliwa kwenye ini la papa. Hilo ini alilikagua nani?"

Mihayo aliitazama chupa kama mtu aliyeshikishwa mkojo. Akairudisha mezani. Wengine nao wakarudisha. Mmoja akajifuta mikono kwenye koti la jirani yake.

"Mungu akubariki, mwalimu," Minza alisema, machozi yakimlenga. Akamshika mumewe mkono. "Umemwokolea kidole. Twende, baba Seni, nesi hajafunga."

"Nesi wa nini tena, mama?" Kasian alisema. "Anayeugua ni papa. Lakini mdogo wake, yule samaki bapa anayeitwa taa, analala matopeni maisha yake yote na hajawahi hata kukohoa."

Ambrosi, bila kuambiwa, akavuta kutoka chini ya meza yake boksi la pili, chupa zake zimechorwa samaki bapa.