Vigelegele Vyangu

Nimeibiwa sauti ndani ya nyumba yangu, na mwizi nampikia chai kila asubuhi. Ni mkwe wangu, Shazili. Alirekodi vigelegele vyangu akaviweka kwenye mchezo wa harusi aliotengeneza kwenye jukwaa moja la mtandaoni. Watu wakavipenda, wakavinunua kwa senti senti, na jukwaa hilo likavifanya mali yake lenyewe. Siku hizi yeyote anayevipiga, hata jikoni kwake, simu inasikia na kumkata hela. Hata mimi niliyevirithi kwa mama yangu.

Leo binti yangu Mwanaidi kajifungua salama hapa nyumbani. Nilipofungua kinywa, Shazili akanishika mkono.

"Mama, tafadhali. Salio lililobaki ni la maziwa."

"Nani alikupa ruhusa ya kuuza koo langu?"

"Nilibonyeza 'Nakubali' tu, mama. Kila mtu hubonyeza."

Nilitamani kumzaba kofi. Nikamtazama mjukuu wangu, nikameza hasira pamoja na vigelegele.

Haukupita muda, mlango ukabishwa. Alikuwa jirani yetu Bi Mize, kajitanda kanga, macho mekundu. Nyuma yake walisimama wanawake wawili na mkeka.

"Poleni," akasema kwa sauti ya chini. "Tumesubiri vigelegele, hatukusikia. Mtoto anazikwa saa ngapi?"