Sufuri Saba

Siku saba, sufuri saba. Dada wa utafiti aliufunua tena ukurasa wa daftari kuhakikisha.

"Mama, hukuelewa? Kila jioni unaandika idadi ya watu uliogusana nao. Ndivyo tunavyopima kama chanjo na kutokaribiana vinazuia mafua yasienee."

"Nimeelewa, mwanangu," alijibu Mama Fundi, ameketi nyuma ya cherehani. "Hayo mafua yakija kwangu yatakufa kwa upweke."

Akacheka peke yake.

Dada alibaki mlangoni, hatua mbili kutoka kwake, kama alivyofundishwa. Mtafiti hamgusi mshiriki. Akimgusa anaharibu hesabu, na kazi hii alikuwa ameihangaikia mwaka mzima.

"Imebaki ya leo tu, siku ya nane, Mama. Ijaze, niondoke na daftari."

Mama Fundi alishika kalamu lakini hakuandika. Alikuwa akimkagua mgeni wake mabegani.

"Nani kakushonea hiyo sare? Mikono imekumeza! Sogea nikupime, nikupunguzie."

"Hairuhusiwi, Mama."

"Kwani nikikugusa wewe, unahesabiwa?"

"Nahesabiwa. Ndiyo maana hairuhusiwi."

Mama Fundi aliinamisha kichwa, akaisogeza kalamu kwenye mstari wa leo, akaanza kuchora duara taratibu.

"Subiri," alisema dada. Akatua mkoba sakafuni, akaingia ndani, akanyoosha mkono.

Kidole chenye sugu za sindano kikatua begani kwake. Kikashuka pamoja na futi, polepole, wala hakikuwa na haraka ya kufika kwenye kiwiko.