Tiketi Tatu za Surat

Lallan alifunga mlango wa duka kwa ndani, akautupa mfuko wake wa safari juu ya kaunta. Kitu cha chuma kikagonga mbao. Harihar aliutazama ule mfuko, kisha akarudisha macho kwenye simu.

"Saa tano bado?" akauliza Birju.

"Bado kidogo. Rudini nyuma, mnanizibia mwanga."

Wadogo zake Harihar wakarudi nyuma. Sikukuu ya Chhath ilikuwa imekwisha juzi, na nusu ya vijana wa wilaya walikuwa wanarudi viwandani. Treni za Surat zilijaa zamani. Zilizobaki ni tiketi za dharura, zile zinazofunguliwa siku moja kabla ya safari, saa tano asubuhi, na kuisha kabla chai haijapoa. Kuzipata kwa simu kunataka mtu aliyezoea, na pale sokoni mtu huyo alikuwa Harihar. Alikuwa na duka la kuuza salio, akaunti yake ilithibitishwa kwa kitambulisho, na majina ya abiria aliyaingiza mapema ili saa ikifika kazi iwe kubonyeza tu. Watu walisema hajawahi kukosa.

Safari hii waliotaka tiketi walikuwa ndugu zake mwenyewe. Binti yake, Bindiya, alitoroka na Jitan, mtoto wa mfua nguo, wa tabaka la chini, na mtu aliyekuja kwa sikukuu alisema amewaona huko Surat, wamepanga chumba nyuma ya kiwanda cha sari. Lallan hakuficha anachokwenda kufanya. Alisema mbele ya nyumba nzima kwamba hawamfuati binti ili warudi naye, wanafuata heshima yao. Harihar alikaa kimya. Tangu siku hiyo mkewe, Phulmati, alikuwa hamsemeshi.

"Majina umeshaingiza?" Lallan akauliza.

"Yako tayari."

"Mimi nipe kitanda cha chini, kaka. Goti hili haliwezi kupanda juu."

"Cha chini nimeomba."

Saa tano ikagonga. Harihar aliegemeza viwiko kwenye kaunta. Alichagua treni, akachagua majina, akaandika zile herufi zilizopindapinda za kuonyesha kwamba anayeomba ni mtu na si mashine. Benki ikatuma namba ya siri. Akaiingiza. Duara dogo likaanza kuzunguka kwenye kioo.

"Vipi?" akauliza Birju.

"Subiri."

"Si useme, kaka."

"Nimesema subiri, Birju. Unanipumulia shingoni."

Duara likazunguka. Nje muuza karanga alikuwa anabishana na mteja, na Harihar alitamani wanyamaze, kana kwamba kelele zao zingeweza kuichelewesha simu. Kisha mlio wa benki ukasikika. Akakitazama kioo kwa muda, jasho likimteremka mashavuni, akafumba macho.

"Pesa zimekatwa," akasema. "Tiketi hazikutoka."

Hakuna aliyeshangaa. Karibu kila mtu wilaya ile jambo hili limewahi kumfika: benki inachukua chake, treni inakunyima chako, na pesa zinarudi siku ambayo safari imeshapita. Lakini hasira ilimpanda Lallan hadi masikioni.

"Wewe? Walevi wa hapo nje unawakatia tiketi, leo damu yako mwenyewe inakushinda? Lete hiyo simu nione."

Harihar alikigusa kioo mara mbili, akampa. Treni ya Surat, ya kesho: orodha ya kusubiri, nayo ilikuwa ndefu mno.

"Mtu akizeeka awaachie vijana simu," Birju akasema. "Akalee nyati."

"Niacheni nijaribu tena kesho."

"Kesho waje wahame? Thubutu." Lallan aliirusha simu kwenye kaunta, akauchukua mfuko wake. "Tunapanda ya mchana huu huu, behewa la makabwela. Tutasimama. Tutaning'inia mlangoni. Kesho usiku tuko Surat."

"Na goti lako?"

"Goti langu litapona nikisharudi. Wewe kaa hapa udai pesa zako."

Wakatoka. Harihar aliwasindikiza kwa macho hadi walipoishia nyuma ya kinu cha mafuta, akafunga tena mlango. Alipogeuka, Phulmati alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, na chai mkononi. Aliiweka kwenye kaunta kwa kishindo, ikamwagika nusu.

"Hata tiketi zimewakataa, na bado wanakwenda," akasema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mumewe baada ya siku nyingi. "Kwa nini hukuwafuata? Kamalize kazi uliyoianza."

Harihar alibonyeza namba, akaweka simu sikioni, akangoja.

"Bindiya, ni mimi, baba. Ujumbe wa tiketi umeuona? Basi. Treni inatoka hapo Surat kesho alfajiri, inateremka hadi kusini kabisa. Vitanda ni viwili, jina lako na la Jitan. Baba zako wadogo watafika hapo kesho usiku, kwa hiyo msirudi nyuma hata mkisahau kitu. Mkishapanda itupe laini hii, wala usinipigie tena."

Akamnyooshea mkewe simu.

"Muage mwanao."