Kunguru Haruki

Mwalimu wa kwaya alikatiza mazoezi katikati ya ubeti, akaomba kimya, kisha akabandika sikio ukutani kama mpangaji mmbea.

Upande wa pili palikuwa na chumba cha kufulia cha hospitali. Wanawake walikuwa wakikunja mashuka na kuimba. Wimbo wenyewe haukuwa na makuu. Mmoja alianza kwa sauti ya kukwaruza, wengine wakadakia, na badala ya ngoma wakakung'uta mashuka.

*Kunguru wetu apunga mbawa, haruki!*
*Apunga tena, jasho lamtoka, haruki!*

Mwalimu akasisimka. Kwaya yake ilinyooka kama shati lililopigwa pasi, na watu waliisikiliza wakipiga miayo. Jumamosi kulikuwa na tamasha, na msimamizi wa ukumbi alikwishamdokeza kwamba safari hii wasipochangamsha watu, nafasi yao atapewa mwingine.

Akatoka mbio, akaingia chumba cha kufulia bila hodi. Wimbo ukakatika. Kiongozi wao, mama wa makamo waliyemwita Dada Mkuu, alikumbatia shuka kama mtu aliyefumaniwa.

Mwalimu akauomba wimbo ule. Dada Mkuu akasema ni upuuzi tu wa kupunguzia uchovu, haufai jukwaani. Mwalimu hakukubali. Akasema amesomea muziki mpaka macho yakaingia miwani, na hajapata kusikia kitu kilichomgusa namna ile. Akaahidi kutogeuza hata neno. Wanawake wakatazamana. Mmoja akageukia mashine, mabega yakimtikisika.

"Haya, mwalimu," akasema Dada Mkuu. "Lakini usije ukatulaumu."

Waimbaji waliushika siku hiyohiyo. Mwalimu alijaribu kuupamba kwa sauti ya nne, ukapoa kama chai iliyosahauliwa, akaiondoa haraka. Jambo moja lilimfurahisha kupita yote. Watu walewale aliokuwa akiwabembeleza watabasamu, sasa walibana vicheko tangu mstari wa kwanza, na wengine hata kumtazama hawakuweza. Kumbe furaha wanayo, akajiambia, walikosa wimbo tu.

Jumamosi alipanda jukwaani na koti lake jeusi, lile ambalo hakulivua hata mazoezini kwenye joto. Akawaeleza watu kwa sauti ya kutetemeka kwamba kunguru ni kila mja aliyechoka lakini hajakata tamaa. Kisha akawageukia waimbaji, akainua mikono.

Kufikia ubeti wa pili ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Watu waliitikia "haruki!" huku wakifuta machozi. Msimamizi mwenyewe alikuja kumshika mkono, akamwambia mwakani wao ndio watakaofunga tamasha.

Mwalimu alimkuta Dada Mkuu karibu na mlango, akijaribu kuondoka kimyakimya. Akamshukuru kwa mikono miwili. Akamsihi amwambie wimbo ule ni wa tangu lini, na waliurithi kwa bibi yupi.

Dada Mkuu akakohoa, akatazama viatu vyake.

"Si wa zamani, mwalimu. Tuliuanza wiki ile uliyohamia jirani. Dirisha lililo kati yetu lina vioo vya ukungu. Sisi upande wetu tulikuwa tunaona koti jeusi na mikono inayopunga tu."